Wimbo Juu ya Maneno ya Mama

Mdogo wangu wa kiume wanamwita Nakala. Jina alilopewa na wazazi limebaki kwenye vyeti tu. Mteja akipotea njia anauliza kwa Nakala ni wapi, naye anaonyeshwa saluni yangu, maana chumba chake kiko nyuma ya changu na kinachotutenganisha ni pazia tu. Mimi nasuka mbele, yeye anakata video nyuma: harusi, mahafali, misiba, matangazo ya maduka. Mwaka wa kumi na moja huu tunasikilizana makelele.

Hilo jina ni mimi niliyelitia chumvi likakolea. Akimaliza kazi ya mtu, badala ya kufunga na kwenda kula kama binadamu wengine, anakusanya kila kitu: picha ghafi, sauti, nyimbo, majina ya maharusi, na ule mradi wenyewe, yaani lile faili linalokumbuka kakata wapi na kaunga wapi. Anavitia vyote kwenye folda moja. Folda inakwenda kwenye diski ya mezani, inakwenda kwenye diski ya kabatini, na ya tatu inalala kwake chini ya kitanda, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Halafu anachomoa diski ya mezani, anaufungua mradi kwa ile ya kabatini, aone kama utafunguka. Mteja amekaa anasubiri, yeye anakagua diski.

"Wewe ukioa utataka watatu," nilikuwa nikimwambia mbele ya wateja wangu. "Mmoja mezani, mmoja kabatini, mmoja chini ya kitanda."

Wanawake wanacheka mpaka nashindwa kushika msuko. Yeye anatabasamu kidogo na kurudi nyuma ya pazia. Mdomo wangu hauna breki, naujua, na yeye hajawahi kunijibu hata siku moja. Nilidhani ni upole.

Mama alifariki, sasa ni mwezi wa pili. Alianza na koo. Mwaka mzima wa mwisho hakuwa na sauti, alikuwa akiandika kwenye daftari la shule anachotaka: maji, shuka, funga dirisha. Tukamzika. Wiki ya pili mama mdogo, yaani mdogo wa marehemu, akaja tupange nguo zake. Tulikuwa wawili tu chumbani, kanga zimejaa kitandani, mimi nakunja na yeye anatia sandukuni. Katikati ya kukunja akaniambia, "Lakini wewe mtoto una moyo wa jiwe. Mama yako amesimama mbele ya watu wote wale akakuomba radhi, na mpaka anaingia kaburini hujamjibu."

"Radhi ya nini, mama mdogo?"

"Ya shule. Kwani kuna nyingine?"

Nikakaa chini juu ya zile kanga. Nilikuwa na miaka kumi na sita mama aliponitoa shule nije kumuuguza bibi, ambaye alikuwa hawezi hata kujigeuza. Mdogo wangu akaendelea kusoma, mimi nikabaki na beseni na madodoki. Bibi aliishi miaka minne. Alipofariki, nilikuwa mtu mzima mno kurudi darasani nichekwe na watoto, nikaenda kujifunza kusuka. Mama hakuwahi kulisema hilo jambo na mimi sikuwahi kuliuliza, lakini lilikaa kati yetu kila siku. Nilimletea dawa, nilimletea sabuni, nilimwogesha alipozidiwa, na uso wangu nilikuwa nimeukunja. Nilikuwa nangoja neno moja tu. Kumbe alishalisema.

"Alisema lini?" nikauliza.

"Siku ya harusi yako! Pale ukumbini, alipopewa kipaza sauti. Kasema weee, mpaka tukalia. Sisi tuliokaa mbele tulisikia vizuri."

Mimi sikuwa ukumbini. Mkanda wa kiatu ulikatika, nikatoka na msimamizi wangu kwenda kuushona kwenye chumba cha nyuma. Niliporudi mama ameshakaa, watu wanapangusa macho, nikafikiri ni zile nasaha za kawaida, mvumilie mumeo, kisima cha ndoa usikitie taka. Nikamuuliza mama mdogo mama alisema maneno gani hasa. Akakuna kichwa.

"Mwanangu, miaka tisa. Nakumbuka alisema shule, alisema radhi. Maneno yenyewe muulize mdogo wako, si ndiye aliyepiga video?"

Video ninayo. Nilikwenda nyumbani mbio nikaiweka. Pale mama anaposimama, dakika tatu nzima, unaona midomo yake inacheza nyuma ya kipaza sauti, na juu yake kuna wimbo wa mapenzi. Sauti yake imezimwa kabisa. Nilijaribu kuisoma ile midomo, lakini kamera ilikuwa pembeni na kipaza sauti kimeziba nusu ya uso. Nikarudisha mara ishirini. Wimbo ule nauchukia mpaka leo.

Lakini nikapata tumaini, maana mimi ni dada wa Nakala. Nimemsikia mara elfu akiwaambia wateja kwamba video iliyokamilika ni mchuzi, chumvi ikishaingia haitoki, ila ukiwa na mradi unaweza kurudi nyuma ukabadilisha unachotaka. Unatoa wimbo, unarudisha sauti. Nikamwendea kesho yake asubuhi.

"Nifungulie mradi wa harusi yangu. Toa wimbo pale kwa mama, nataka maneno yake yote."

Akaacha kubofya. Hakugeuka. Akasema, "Sawa dada, nitakutafutia."

Wiki ikapita. Kazi ya mteja imembana. Wiki ya pili, ile diski ya zamani inahitaji waya wake maalumu. Siku nyingine kompyuta imejaa. Mimi si mtoto. Jumapili, saluni imefungwa, nikamkuta peke yake, nikachukua kiti cha wateja nikakiweka mlangoni na kukaa.

"Leo hutoki humu mpaka mama aseme."

Kisha akavuta droo ya chini, akatoa flashi tatu, zote zina karatasi ya gundi yenye mwandiko wake wa zamani: HARUSI YA DADA. Tatu! Akachomeka ya kwanza, akafungua, na mradi ukafunguka. Niliona vipande vyote vimepangwa mstari, kuanzia mimi kwenye kioo mpaka gari linaondoka. Vyote vyekundu. Kwenye kioo cha kuonyeshea picha palikuwa na maandishi tu: faili halipo.

"Chomeka nyingine," nikasema.

Akachomeka ya pili, nyekundu. Ya tatu, nyekundu vilevile.

"Ndiyo nini hii?"

"Dada, wakati ule nilikuwa najifunza mwenyewe. Nilidhani mradi umebeba kila kitu, kwa sababu nikiufungua naona kila kitu. Kumbe mradi ni karatasi ya mapishi. Unasema chukua kipande kile, anzia hapa, ishia pale, weka wimbo huu. Nyama yenyewe iko kwingine. Mimi nikanakili karatasi mara tatu, kwa uangalifu wote." Akasukuma kando zile flashi mbili. "Halafu diski ilipojaa, nikafuta nyama."

"Ulifuta?"

"Nilifuta vya kwetu kwanza. Nilisema vya ndugu viko salama, nina nakala tatu."

Nilimtupia kitana cha chuma kilichokuwa mfukoni mwangu. Kikampata begani. Nilimwambia maneno ambayo nisingemwambia adui. Nilimwambia amemuua mama mara ya pili. Nilimwambia alikula shule yangu na sasa amekula na radhi ya mama. Alikaa akayapokea yote.

"Umejua lini?" nikauliza nilipoishiwa pumzi.

"Miaka sita iliyopita. Mteja alirudi anataka jina lirekebishwe kwenye harusi yake, nikafungua, nyekundu. Siku ileile nikafungua ya kwako."

Miaka sita. Ndiyo umri wa jina lake. Kila folda aliyoikusanya, kila diski aliyoichomoa na kuichomeka huku mimi nikiwachekesha watu, alikuwa anatazama kitu hiki. Hasira yangu ilitafuta pa kushika ikakosa, lakini sikutaka kuiachia.

"Mama alikuwa mzima miaka sita iliyopita! Ana sauti! Ulishindwa nini kumwambia arudie?"

"Siku ile nilikuwa nahangaika na spika zinavuma, maneno yenyewe sikuyashika. Nilimwendea mara tatu na kamera. Mara ya kwanza alicheka akasema maneno ya harusini husemwa harusini, nioe kwanza. Mara ya tatu alinikasirikia." Mdogo wangu akajifuta pua kwa kiganja. "Alisema, aliyeambiwa aliyafunika kwa wimbo. Akiyarudia atakuwa anamlazimisha."

Nikakumbuka siku tuliyomwonyesha ile video, sote tumejazana sebuleni. Ilipofika pale kwake, wimbo ukaanza, mama akanyanyuka akasema anakwenda kuangalia jiko. Alikaa jikoni mpaka ikaisha. Nami nikamwambia mume wangu, mwone huyu, hata harusi ya mwanawe haina maana kwake.

"Basi ungemwambia ni wewe!" nikapiga kelele. "Ungemwambia mpumbavu ni wewe uliyeweka wimbo, mimi sikujua chochote! Nani alikutuma uweke wimbo?"

Nikamshika shati. "Nakuuliza, nani alikutuma?"

Aliweka mkono kwenye kipanya, akasogeza polepole mpaka katikati ya mstari ule mwekundu. Huwa anajiandikia vijikaratasi vya njano juu ya vipande, ili asisahau mteja anataka nini. Juu ya kipande kirefu kilichoandikwa MAMA ANAONGEA, DK 11, urefu wake kabla ya kupunguzwa, palikuwa na cha njano. Akakibofya kikafunguka.

Dada kasema hataki kumsikia. Wimbo tu.

Nilisoma, nikasoma tena. Sikukumbuka kabisa. Halafu nikakumbuka kila kitu: nimekaa saluni, namwoshea mteja kichwa, mikono ina povu, mdogo wangu ametoa kichwa kwenye pazia ananiuliza mama ameongea dakika kumi na moja, afanyeje. Nami sikugeuka. Nilisema nasaha zake nimezisikia tangu niko tumboni, sitaki kumsikia, weka wimbo tu. Na yule mteja akacheka.

Faili la picha limepotea, faili la sauti limepotea. Neno langu lilikuwa limehifadhiwa mara tatu.

"Hukuniambia," nikasema.

"Ningekwambiaje?"

Nikarudi kwenye kile kiti cha mlangoni nikalia kwa sauti, kama nilivyokataa kulia makaburini. Nilimwita mama. Nilisema sikujua, sikujua, na aliyetakiwa kuambiwa hayupo. Mdogo wangu alisimama karibu yangu hajui aniguse au aniache. Mwishowe akanigusa bega, tukalia wote, watu wazima wawili, na nusu ya shati lake limetoka kwenye suruali.

Tulipotulia akasema, "Kipo kitu kimoja. Nilikuwa naogopa kukuonyesha, ni kidogo sana."

Akakuza ule mstari mpaka vipande vikawa vinene. Mwanzoni kabisa mwa kile kirefu chekundu, pembeni yake, palikuwa na kijipande cha kijani, chembamba kama uzi. Alinieleza kwamba spika za ukumbini zilikuwa zinavuma pale mwanzo, akakikata hicho kisehemu akakisafisha, na programu yake huhifadhi sauti iliyosafishwa papo hapo kando ya mradi, haiiachi kwingine. Alikuwa anajaribu tu. Angesafisha na nyingine, lakini ndipo alipokuja kuniuliza afanyeje.

"Sekunde kumi na nne," akasema. "Niweke?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Akaongeza sauti, akabofya.

Viti vinaburutwa. Muziki wa ukumbini uko mbali. Mtu anakohoa karibu kabisa, kikohozi ninachokijua kuliko changu. Halafu mama, na koo lake zima, bila daftari, akasema, "Baba wa muziki, hebu zima kidogo, nina neno na binti yangu." Muziki ukakatika. Kukawa kimya. "Yuko wapi? Mwiteni kwanza. Mwiteni, nitamngoja."

Kijani kikaisha hapo.

"Hawakukuita?" mdogo wangu akauliza.

Waliniita. Alikuja msichana mmoja mbio mpaka chumba cha nyuma, akasema bibi harusi, mama anakungoja wewe. Nilikuwa na sindano mkononi na kiatu mapajani. Nilimjibu bila kuinua macho, mwambie aendelee tu, nitamwona kwenye video.