Siku Niliyopita Bila Kukohoa

Chekeni kwanza, maana mtacheka tu. Hapa Ikolo baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Ndiyo heshima yetu. Baba mkwe akipita hukohoa, naye binti hujificha.

Sasa mke wangu alikuwa akiwafundisha wajukuu nyimbo za kale uani kwa mwanangu, na kila nilipokohoa njiani, wimbo ulikatika. Nikaingiwa na shaka. Wimbo gani huo unaoniogopa? Bwana misheni, yule Mdachi, hazitaki nyimbo za kale, na mimi ni mzee wa kanisa. Au wananiimba mimi?

Jana nikapita bila kukohoa. Nikanyata migombani kama mwizi wa kuku, nikatega sikio.

“Baba mkwe anakuja!” mke wangu akaanzisha.

“Kikohozi kimetangulia!” watoto wakaitikia kwa makofi.

Ahaa, kumbe wananisengenya! Nikasogea nisikie ubeti wa pili. Moshi wa jikoni ukanijaa kooni, nikakohoa kikohozi cha kweli.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu aliyekuwa jikoni, akajifunika nguo usoni, akatimka kwenda kujificha. Na pa kujificha ni palepale migombani nilipojibanza mimi. Tukagongana, tukaanguka wote wawili mbele ya watoto.

Mke wangu hata hakucheka.

“Mmeona, wajukuu zangu, kwa nini tunaufundisha wimbo huu?” akasema. “Haya, babu yao, kohoa tena, tuanze upya.”