Mapezi ya Kuchonga

Pale yadi ya mashua walimwita Sikio, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi injini aliyesifika kwamba akisimama tu gatini, mikono mfukoni, atakwambia injini ya nani inaumwa nini. Sifa zilimwingia kichwani na hazikutoka tena. Hata salamu alikuitikia kwa namna ya kukufanyia hisani.

Siku daktari wa meno alipoleta mashua yake ya tanga, Sikio aliitambua kabla haijafungwa kamba. Ilikuwa imepakwa rangi mpya na kupewa jina jipya, lakini ni ile ile.

"Fundi, inachemka," daktari alisema. "Nikienda polepole haina neno. Nikiongeza moto kidogo tu, mshale wa joto huo juu. Na maji yanayotoka nyuma kwenye ekzosi hayana nguvu, yanadondoka tu. Mafundi wamebadilisha pampu mpaka basi."

"Wewe niachie," Sikio alijibu. "Uje jioni."

Injini ya namna hii hunywa maji ya bahari ili ipoe. Yanaingia kwa tundu lililo chini ya mashua, penye valvu ya kufungua na kufunga, yanapita kwenye chujio, yanavutwa na pampu, yanasukumwa kwenye kipoozeo, kisha yanatemwa nje pamoja na moshi. Ndani ya pampu huzunguka impela, kigurudumu cha mpira chenye mapezi. Pezi likikatika, halipotei. Linakwenda na maji mpaka linapokwama. Ndiyo maana Sikio alikuwa na sheria aliyomkalia nayo kooni kila aliyefanya kazi naye: pezi likikatika, litafute.

Alianza chini kwenda juu. Chujio lilikuwa na mwani kidogo, akauosha. Akachomoa bomba juu ya valvu, maji yakaruka yakamlowesha kifua, kwa hiyo huko kuko wazi. Akafungua pampu: impela nzima, mapezi laini, haina hata mkwaruzo. Akapapasa kiwiko cha ekzosi, hakuna chumvi iliyoganda. Kilichobaki kilikuwa kipoozeo, mzinga wa shaba uliojaa vijibomba vyembamba. Hapo Sikio akakumbuka kwamba ana kiu. Akanywa maji, akaenda kubishana na mlinzi kuhusu mpira wa miguu, akaazima bisibisi ilhali ya kwake ilikuwa mfukoni.

Alikuwa na sababu ya kuzunguka mbuyu. Miaka mingi nyuma, wakati mashua hii ni ya mtu mwingine, yeye na mdogo wake walikuwa na karakana moja. Mdogo alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mzito. Mashua ilitoka asubuhi, na kabla ya adhuhuri ikakokotwa kurudi, injini imeungua, mwenyewe nusura agonge miamba. Valvu ikakutwa imefungwa. Mwenye mashua, alipoona moshi, alikuwa amefunga kila kilichofungika, lakini hakuna aliyemuuliza. Sikio aliulizwa mbele ya yadi nzima, wapaka rangi, washona matanga, mwenye gati: nani aliiandaa mashua hii? Akanyoosha kidole.

"Ni mdogo wangu. Kasahau kufungua maji."

"Nilifungua," mdogo alisema. Kwa kawaida yao, anayefunga valvu huutundika ufunguo wa injini pale pale kwenye mpini wake, ili asiwepo wa kuwasha bila kuigusa. "Ufunguo niliutoa kwenye valvu kwa mkono wangu huu, kaka. Ningeutoaje nisifungue?"

Lakini nani angemsikiliza yeye, Sikio akiwa ameshasema. Kazi zikamkauka yule mdogo. Aliyemwona akikaribia mashua yake alimwita pembeni kumwambia kwa adabu kwamba asihangaike. Mwishowe akawa dobi, anapiga pasi nguo za watu kwenye chumba kimoja nyuma ya soko, na ndugu hao wakawa hawasemezani. Mama yao alipougua ndipo alipomwita mdogo, akamsihi asimwache aondoke duniani wanawe wakiwa wamegawanyika. Mdogo akaja, akasimama miguuni pa kitanda, akasema, "Kaka, nisamehe kwa yale ya valvu." Sikio alimsamehe kwa sauti iliyosikika mpaka uani. Mama alifariki wiki hiyo hiyo, na Sikio akawa anaisimulia habari hiyo misibani, kuwaonyesha watu moyo wake ulivyo mkubwa.

Basi akaufungua mfuniko wa kipoozeo. Maji machafu yakamwagika, kisha kwenye midomo ya vijibomba akayaona: vipande vyeusi vya mpira, vimeshikamana, vimeziba karibu nusu ya njia. Akavitoa kwa koleo, akavipanga juu ya kitambaa. Mapezi manne. Wala hayakuwa yameungua, kama mpira uliozunguka mkavu unavyoungua. Yalikuwa yamechanika shinani, na kwenye ubavu wa kila moja palikuwa na mkato wa kisu uliolalia upande mmoja. Ni mkato wa mtu anayetumia mkono wa kushoto, na pale yadi wa kushoto alikuwa mmoja tu.

Usiku wa kuamkia safari ile impela ya saizi yake ilikosekana. Sikio akachukua ya pampu kubwa zaidi, akaichonga kwa kisu mpaka ikaingia, asimwambie mtu. Mashua iliporudi imeungua, yeye mwenyewe ndiye aliyefungua pampu, akayakosa mapezi, akasema yamesagika kwa kukosa maji, akatupa kilichobaki na kutia mpya. Hakuyatafuta. Mtu mwenye sheria ile, siku hiyo hakuyatafuta, kwa kuwa alijua fika kitakachopatikana. Halafu akajiambia habari ya valvu mara nyingi, akaiamini. Tusimtafutie udhuru, aliiamini kwa sababu ilimfaa.

Maji jioni yalitoka kwa nguvu, daktari akashukuru, akamwita bingwa. Sikio akaendelea kukusanya vifaa vyake. Kesho yake asubuhi akayafunga mapezi kwenye kitambaa, akaenda nyuma ya soko.

Dobi alikuwa juu ya shati jeupe, mvuke umejaa chumba. "Karibu, kaka. Kaa hapo penye mashuka, ni makavu."

Sikio akakaa. Hotuba aliyoiandaa njia nzima ikamtoroka, akabaki kuweka kitambaa mezani na kukifungua. Dobi akasimamisha pasi, akaokota pezi moja, akaligeuzia dirishani. Vidole vyake havikuwa vimesahau kazi.

"Limechongwa."

"Ndiyo."

"Kwa kushoto." Akaliweka chini taratibu. "Limetoka kwenye ile?"

"Kwenye kipoozeo. Yalikuwa humo siku zote."

"Nilifungua ile valvu."

"Ulifungua."

Nje mtu alipita akiuliza nguo zake, dobi akamjibu zitakuwa tayari mchana, akasubiri aende. "Ulipoichonga hukuniambia."

"Ilinipitia."

"Haikukupitia, kaka."

Sikio alitazama sakafu. "Haikunipitia," alisema. "Nitawaambia watu wa yadi. Leo hii nitasimama niwaambie wote."

"Watu gani? Mwenye mashua alihama. Wapaka rangi wale wametawanyika. Hawa waliopo wananijua mimi dobi tu, wananiletea ovaroli zao. Na mama utamwambia vipi?"

Machozi yalimlengalenga Sikio, akaona haya kulia mbele ya mtu aliyemliza. "Nimekuja kukuomba msamaha, mdogo wangu."

Dobi alilamba kidole, akaigusa pasi, ikalia. "Kwanza nirudishie wangu," alisema. "Ule niliokuomba kitandani kwa mama."

Sikio hakujua kitu cha namna hiyo hurudishwaje. Dobi aligeuza shati, akanyoosha kola polepole mpaka ikatulia, akalitundika. Kisha akayasogeza mapezi kwa kiganja hadi ukingoni mwa meza, upande aliokaa kaka yake.

"Yachukue," alisema. "Yatachafua nguo za watu."