Mbwa Mzee Niliyemwokoa Kule Nyaramba

Nimemaliza chuo, kazi bado sina, na kila jambo nalifikiria mara kumi. Hili pekee sikulifikiria.

Siku nne mfululizo nilimkuta mbwa mzee mwenye mvi mdomoni amelala nje ya kituo cha kununua majani chai. Nikaamua ametupwa. Nikampeleka nyumbani, nikamwita Profesa. Kusema kweli, mbwa mzee ni baraka. Hatafuni viatu, habweki ovyo, na nikishikwa na wasiwasi ananiwekea kichwa gotini. Kwa miezi miwili nililala kama mtu mwenye kazi.

Juzi nilienda naye kituoni kupeleka majani ya mama. Bibi mmoja mwenye mkongojo alikuwa benchini akimkazia macho, nami nikaona nimweleze.

"Nyanya, huyu nilimwokoa. Aliyemtupa hapa hana utu kabisa!"

"Ulimuuliza nani?"

"Nani wa kuuliza? Watu kama hao hawajitokezi."

Profesa alikuwa ameshachomoka mkononi mwangu na kamba yake, analia miguuni pa bibi kama mtoto. Wakulima kwenye foleni wakaanza kucheka.

"Wewe msomi," karani wa mizani akaniita, "hata mimi hukuniuliza? Nyanya alizidiwa papa hapa, akapelekwa hospitali. Huyo alikuwa anamngoja."

Bibi hakucheka. Alikuwa akimpapasa masikio.

"Sikumtupa, mjukuu wangu," alisema. "Nilitoka hospitali nikamtafuta kila boma, mpaka nikamlilia kama aliyekufa."