Kipande cha Barabara Nisichokikumbuka

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, kila nikisikia gari linawashwa asubuhi hapa Misunkumilo, Mpanda. Najua umepata leseni, na najua kesho unampeleka mjomba wako na familia yake Tabora. Hongera sana. Sikukuita nikuharibie furaha yako. Nimekuita kwa sababu naogopa, na mtu mzima akiogopa ni vizuri aseme anaogopa nini.

Watu wanadhani dereva akishazoea barabara hofu inamtoka. Mimi nimeendesha tangu ujana wangu mpaka magoti yalipogoma, na yangu haijanitoka. Ilinishika saa nane mchana, jua likiwaka, barabara imenyooka, na mbele yangu hapakuwa na kitu. Usidhani hatari inakuja usiku tu.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa naendesha kenta ya mfanyabiashara mmoja wa mpunga, na nilijiona dereva kweli kweli. Nilivaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba, mama yangu akanicheka mpaka akachoka. Mwaka huo akafariki baba yangu mkubwa, Kalisto, aliyenilea baada ya baba kuondoka duniani. Alifia kwa mwanawe, hapa hapa Mpanda, mtaa wa Ilembo, lakini kwao ni Usevya, huko Mpimbwe, na mwenyewe alishasema azikwe huko. Bosi wangu akatupa gari. Dereva ni nani? Ni mimi.

Sasa unajua msiba wetu ulivyo. Wanaume wanakaa nje kwenye moto, wanakesha. Kijana akiingia ndani kulala, kesho yake habari zake zinapikwa jikoni pamoja na maharage: yule hakumpenda marehemu. Tulikaa siku mbili tukisubiri ndugu kutoka mbali. Mchana nilikuwa nabeba maji na kuni kwa gari, usiku nimekaa kwenye moto na wenzangu. Hakuna aliyeniambia dereva nenda kalale, na mimi sikuomba. Nani angeomba? Baba mkubwa wangu ndiye amelala mle ndani kwenye jeneza, halafu mimi niombe mto?

Siku ya tatu, baada ya misa, tukapakia. Jeneza nyuma, waombolezaji wakalizunguka. Mbele nilikaa mimi, katikati Mama Mkubwa Oresta, mjane, amejifunika kanga mpaka kwenye nyusi, hajasema neno tangu jana yake. Dirishani akakaa Baba Mdogo Desderi, mdogo wa marehemu, ndiye msemaji wa ukoo.

"Umelala wewe?" Baba Mdogo akaniuliza.

"Nimelala kidogo, Baba Mdogo."

Ule ulikuwa uongo, mwanangu, na nilijua ni uongo wakati unatoka mdomoni.

"Basi twende. Kaburi limechimbwa toka asubuhi, haliwezi kulala wazi. Watu wanatusubiri."

Hadi Sitalike, kijiji cha mwisho kabla ya hifadhi, nilikuwa sawa. Nilinawa uso pale, nikanywa kahawa kali vikombe viwili, nikajipiga makofi mashavuni. Tukavuka mto, viboko wamejazana kwenye maji machache ya kiangazi, tukaingia hifadhini. Wakati ule barabara ilikuwa vumbi tupu, siyo lami hii mnayoichezea nyie.

Pale ndani wapo ndorobo, wale inzi wakubwa wa porini wanaouma hata juu ya nguo nzito. Wanapenda gari linalotembea, wanalifukuza. Kwa hiyo kila dereva wa huku akishaingia pale anafanya kitu kimoja bila kufikiri: anapandisha vioo. Na sisi tukapandisha. Gari halina kiyoyozi, jua la Septemba liko juu ya bati, watu watatu ndani, hewa imekuwa nzito kama ya jikoni. Redio imezimwa kwa heshima ya marehemu. Nyuma akina mama wanaimba wimbo wa maombolezo polepole, sauti moja inapanda na nyingine inashuka, inapenya kwenye kioo cha nyuma na kuniingia masikioni. Mimi sikujiona nasinzia. Nilijiona nimetulia.

Nakumbuka daraja dogo lenye kingo zilizovunjika. Nililipita vizuri, nikabadilisha gia. Baada ya daraja lile hakuna kitu. Siyo kwamba nakumbuka kidogo. Hakuna.

Kinachofuata ni kofi. Mama Mkubwa alinipiga mdomoni kwa kiganja chote, na sauti yake, ambayo hatukuwa tumeisikia tangu jana yake, ikajaza gari: "Simama! Simama weee!"

Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari likaserereka. Nyuma watu wakapiga mayowe, na jeneza likateleza likaja likagonga ukuta wa kibanda cha dereva, mgongoni kwangu, kishindo kimoja kizito. Sauti ile mpaka leo nikiisikia ndotoni nanyanyuka kitandani. Tuliposimama tulikuwa upande wa kulia kabisa, siyo wetu, na tairi la mbele lilikuwa hatua moja kutoka kwenye korongo.

Nilidhani hilo ndilo la kutisha. Kumbe bado.

Binamu yangu mmoja akaruka kutoka nyuma, akafungua mlango wangu. "Wewe una wazimu? Tumegonga bati la kibanda mpaka mikono imevimba! Wale watu hukuwaona?"

"Watu gani?"

Akaniangalia kama anaangalia mgonjwa. "Wale wenye pikapu imepata pancha. Umewapitia ubavuni kabisa, wamebaki kule nyuma ya kona. Vumbi likatufunika, hatujui kama umewagonga."

Nikashuka. Ubavuni mwa kenta, upande wa kulia, kulikuwa na ndoano za kufungia turubai, na kwenye ndoano ya kwanza, nyuma tu ya mlango wangu, kilikuwa kimening'inia kipande cha kanga, chekundu na cheupe, kimechanika. Sikukishika. Nilikaa chini kwenye vumbi, ndorobo wakanijia shingoni, sikuwafukuza.

Mwanangu, hapo nataka nikuambie ukweli, maana nasaha yenye uongo ndani yake haifai. Nilitakiwa nigeuze gari palepale. Wapo waliosema turudi na gari, maana kwa miguu kwenye pori la simba nani angethubutu. Baba Mdogo akasema kaburi linasubiri, na mimi nikakubali haraka, siyo kwa ajili ya kaburi. Nilikubali kwa sababu niliogopa nitakachokikuta. Lilipita lori linaelekea Mpanda, tukamwomba dereva awaangalie wale watu, akaenda zake. Hilo la kutorudi sijajisamehe mpaka leo.

Nikataka kupanda tuendelee. Mama Mkubwa akasimama mlangoni.

"Huendeshi."

"Shemeji, tunachelewa," Baba Mdogo akasema.

"Marehemu hana haraka, Desderi. Mwenye haraka ni wewe. Huyu mtoto amekesha siku mbili, sote tumemwona, sote tumenyamaza. Mimi mwenyewe nilimwona macho yanamgeuka toka kule darajani, nikanyamaza kwa sababu mjane hasemi. Nazika mmoja leo. Sitaki wengine."

Nikamwambia, "Mama Mkubwa, usingizi umeisha, kwa hofu hii siwezi kusinzia tena."

"Hofu itakuamsha mwendo mfupi tu," akasema, "halafu itakuchosha zaidi. Panda. Lala."

Nikalala kwenye kiti, milango wazi ili nipate hewa. Akina mama wakasimama pande zote mbili wakipunga kanga zao kufukuza ndorobo wasiniume, katikati ya hifadhi yenye simba, na baba yangu mkubwa kwenye jua. Wanaume wakakata matawi wakalifunika jeneza. Na unajua nini kinanitisha zaidi? Nililala. Pengine nilikuwa nimeua mtu, na nililala kama mtoto aliyeshiba. Mwili hauna aibu, mwanangu. Ukidai usingizi unauchukua.

Waliniamsha baada ya saa nzima. Tulifika Usevya jua limebaki kidogo, tukamzika. Nilipotupa udongo wangu sikuwa namwona baba mkubwa. Nilikuwa naliona kaburi lingine, la mtu nisiyemjua jina.

Asubuhi, nikiwa nimelala vya kutosha kwa amri ya Mama Mkubwa, nikarudi na binamu yangu. Tulipita polepole. Mahali pale tukaona alama za jeki, jiwe la kuzuia tairi, na ganda la muwa. Damu hatukuona, lakini vumbi la huku linafunika kila kitu. Kutoka pale hadi daraja lenye kingo zilizovunjika nikapima kwa mita ya gari: karibu kilomita tatu. Kilomita tatu niliendesha, nikakata kona mbili, na sina hata mti mmoja ninaoukumbuka.

Pale Sitalike tukauliza. Wakatuelekeza kwa mama mmoja muuza dagaa, Mama Zuhura. Nilimkuta amekaa nyuma ya meza yake, mtoto mgongoni, vidole viwili vya mkono wa kulia vimefungwa kijiti na kitambaa. Nikatoa mfukoni kile kipande cha kanga nilichokichomoa kwenye ndoano asubuhi ile. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi tangu alfajiri, lakini nikakiweka tu mezani.

Akakitazama. Akasema, "Kumbe ni wewe."

Akanieleza bila kelele, na afadhali angenipigia kelele. Wenzake walikuwa wanabadilisha tairi, yeye amesimama pembeni, mtoto mgongoni, anapunga kanga kuwafukuzia ndorobo. Pindo la kanga alikuwa amelizungusha mkononi. Akaona kenta inakuja, inahama upande taratibu.

"Mbona hukukimbia, mama?" nikamuuliza.

"Nikimbie nini? Ulikuwa unaniangalia. Macho yako nimeyaona hivi ninavyokuona sasa. Nikasema huyu ameniona, atakwepa. Kumbe ndoano ikanasa kanga, ikavuta na vidole."

Nilikuwa namwangalia, mwanangu. Macho wazi, uso umemwelekea yeye na mtoto wake, na ndani hakuna mtu.

Nikamwomba radhi, nikataka kumrudishia kipande chake. Akakisukuma nyuma kwa mkono mzima. "Kaa nacho. Mimi nguo ninazo. Wewe ndiye unayehitaji."

Sasa sikiliza, maana kesho utakuwa mbali na sauti yangu. Usingizi wa barabarani hauji kama wa kitandani, haukupigii hodi. Unakuacha na macho wazi na mikono kwenye usukani, unachukua kile kinachoona tu. Kwa hiyo usiyaamini macho yako kwa sababu yako wazi. Jiulize: nimepita nini sasa hivi? Kijiji gani, kibao gani, daraja gani? Siku utakayokosa jibu, usitafute pipi wala redio wala kahawa. Tafuta mahali salama pa kusimama, ulale. Mimi nilikunywa vikombe viwili.

Leo jioni utakula mapema na kulala, na mjomba wako akikuita mpige stori mwambie baba amekataza. Msibani ndiyo zaidi. Sema mbele ya wazee bila kuinamisha kichwa: mimi ndiye dereva, naingia kulala. Watakusema. Waache waseme, watakusema wakiwa hai. Nimeona sasa hata baadhi ya wazee wetu wanamtengea dereva kitanda, na kila nikiona hilo moyo wangu unashukuru. Ukiulizwa umelala, usijibu "kidogo". Kidogo ndiyo iliyovunja vidole vya yule mama.

Anayekaa mbele na wewe siyo wa kusinzia wala kuchezea simu. Mwambie kabla hamjaondoka: kazi yako ni kunitazama, na ukiona kitu sema, hata kama wewe ni mdogo, hata kama mimi nimenuna. Mama Mkubwa alinyamaza kwa sababu ya desturi, kisha akaivunja, na kwa kofi lile watu kumi na saba tulifika. Alikufa mzee sana, na mpaka mwisho aliniuliza nikiaga safari: umelala? Na vioo teremsha, upepo ukupige. Ukipita porini ndorobo wakiingia, waache wakuume. Alama ya ndorobo inapona. Kila baada ya saa mbili shuka, tembea, nyoosha mgongo, hata kama mjomba analalamika mnachelewa. Na ukimgusa mtu barabarani, Mungu apishe mbali, rudi. Siku hiyohiyo, palepale, rudi. Usilale na swali kama langu.

Nyoosha mkono. Kipande chenyewe ni hiki, rangi imeisha, nyekundu imekuwa ya udongo. Kimekaa kwenye usukani wa kila gari nililoendesha. Kifunge pale utakapokuwa unakiona, na ukikiona mkumbuke mama aliyesimama na mtoto mgongoni, akiamini kwamba dereva anayemtazama anamwona.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe usingizi kabla ya safari na macho yenye mtu ndani yake njia nzima. Awalinde wote wanaosimama kando ya barabara utakayopita, wasijue hata kwamba umepita. Na akurudishe hapa mlangoni, nikuulize umelala, unijibu bila kunidanganya.