Usiamini Kava

Watu wengi wakiingia duka la mitumba hapa Voi huenda moja kwa moja kwenye viatu. Mimi huinama. Siku hizi CD haziwekwi juu mahali pa macho. Zimo kwenye katoni chini ya meza, pamoja na rimoti zisizo na televisheni na chaja za simu ambazo hakuna anayezikumbuka. Unapiga magoti, unafukua, vumbi jekundu linakuingia puani, na mwenye duka anakutazama kama mtu aliyeangusha pete. Nimefanya hivyo tangu nikiwa msichana, na mpaka leo nikisikia yale makava ya plastiki yakigongana, moyo wangu huruka.

Mimi ni mkali wa bei, wala sioni haya kusema. Ukiona CD unayoitaka, shika kwanza ile usiyoitaka, ulalamike juu yake, halafu uiulizie ile nyingine kwa mdomo tu, kana kwamba unauliza saa. Mikwaruzo isikutishe, maana midogo huitoa kwa dawa ya meno na kitambaa laini. Cha kuogopa ni kimoja tu: kava. Huku kwetu mtu akitoa CD kwenye mashine huirudisha kwenye kava lolote lililo karibu. Wageni wakija Jumapili, kufika jioni kila CD imelala nyumba isiyo yake. Unanunua nyimbo za injili, unafika nyumbani, unabonyeza, na mwanamume wa Kinshasa anaanza kumlilia mpenzi wake.

Nimewahi kurudi dukani nikiwa nimefura kwa hasira, na muuzaji akanijibu bila hata kuinua kichwa, "Madam, si ulipata muziki? Mimi niliuza muziki."

Nyumbani kwetu ule mchanganyiko ulikuwa vita. Baba alikuja Voi kutoka magharibi akiwa kijana, akaajiriwa karakana ya reli, na hakuja na kitu ila mapenzi ya Lingala. Mama ni Mdawida wa Mghange, kule milimani, na ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kwenye kwaya ya kanisa letu. Mama alitoa amri kwamba nyumba inayosaliwa haiwezi kupigwa Lingala. Baba hakubishana. Alinunua waya za masikioni, akahamia kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, na huko akawa anatengeneza baiskeli na pasi za majirani huku mguu wake ukigonga sakafu. Sisi watoto tulimwona tu akitikisa kichwa. Tulichojua ni kwamba yuko Kinshasa.

Kwaya ya Mama, Baba aliiita kelele za Jumapili. Walipotoa CD yao ya kwanza, ambayo ndiyo ikawa ya mwisho, waliyoirekodi kwenye chumba nyuma ya duka la saruji, mtaa mzima ulienda kanisani siku ya kuizindua. Baba alisema ana baiskeli ya mtu ya kumaliza. Mama alicheka, lakini nilimwona akigeuka kuangalia mlango wa kanisa kila ulipofunguliwa. Iliniuma kwa ajili yake.

Alikuwa na tabia moja baba yangu, ambayo watu wa karakana waliijua. Kitu alichoogopa kukipoteza alikitia tone la rangi nyekundu, rangi ya reli aliyokuwa nayo kwenye kopo. Spana zake zilikuwa na tone. Kikombe chake kilikuwa nalo, na ndala zangu za shule, na hata mguu wa kuku mmoja aliyependa kwenda kwa jirani. Kitu chenye tone jekundu hakuna aliyethubutu kukigusa.

Baba alipofariki tulimpeleka kwao magharibi kuzikwa. Baada ya mazishi ndugu zake waligawana vitu vyake, kama desturi yao ilivyo: mmoja akachukua koti, mwingine baiskeli, mwingine ile redio yake ya CD pamoja na waya za masikioni. CD zenyewe zilikuwa zimebaki Voi na hakuna aliyeziulizia. Mama alizipanga kwenye katoni bila kufungua hata moja, akamwita mwenye mkokoteni azipeleke kwa muuza mitumba. "Yeye amepumzika, na mimi nipumzike na Lingala," alisema, akacheka, halafu akaketi kitandani akalia.

Haukupita muda mrefu akafanyiwa upasuaji wa rovu, ule uvimbe wa shingoni. Alipona vizuri, lakini sauti haikurudi. Ilibaki ya kukwaruza, ya chini sana, na ukiwa chumba cha pili huisikii. Kanisani alianza kukaa viti vya nyuma. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Kisha jioni moja tukiwa tunachambua maharagwe akasema, bila kuniangalia, "Unajua nimesahau nilikuwa nasikika vipi?"

Nilimuuliza ile CD ya kwaya iko wapi.

"Yangu niliitoa msibani," alisema.

Hapo nikakumbuka. Ile kwaya ilikuwa na desturi yake. Mwenzao akifiwa, waliimba matangani, na walipoondoka waliacha CD moja mezani, ili watu wakishatawanyika nyumba isibaki kimya. Nakala zikaisha kwa njia hiyo. Zilipoisha, kila mwanakwaya akatoa ya kwake. Ya Mama iliachwa Maungu, kwa mjane wa dereva wa lori. Na kile chumba cha kurekodia kilikuwa kimegeuzwa duka la kinyozi zamani, mashine zake zimeuzwa.

Basi nikaanza kutafuta. Maisha yangu yote nilikuwa nikitafuta CD kwa raha, na sasa nilitafuta kwa roho juu. Nilitaka Mama ajisikie tena kabla hajasahau kabisa kwamba aliwahi kuimba. Maungu niliambiwa yule mjane alihama na hakuna ajuaye alikokwenda. Nikapanda Mghange kwa mama mdogo, mdogo wake Mama, ambaye waliimba pamoja kabla hajarudi milimani kulima. Yeye ndiye aliyeandika neno "Kwaya" juu ya kila nakala, kwa kalamu ya wino mzito, ile K yake ikiwa na mkia mrefu.

"Yangu ninayo," alisema, na moyo ukanipiga. "Njoo nikuonyeshe."

Hakunipeleka ndani. Alinipeleka shambani. Juu ya njegere zake alikuwa amefunga uzi kutoka mti hadi mti, na kwenye uzi zimening'inia CD, zinazunguka kwa upepo na kumeta, kutisha ndege. Alinionyesha moja katikati. Mvua na jua vilikuwa vimeibandua mpaka unaona njegere upande wa pili. Ule mkia wa K ulikuwa bado unaonekana kidogo.

"Mama mdogo! Umetundika kwaya?"

"Sasa ningefanyaje? Redio iliharibika," alisema. "Na ndege wanaiogopa hiyo kuliko zile zingine. Wakati tukiimba ilikuwa hivyo hivyo."

Alicheka mpaka akashika kiuno, na mimi nikacheka pamoja naye, ingawa nilikuwa karibu kulia.

Taveta nilikwenda siku ya soko. Kule mitumba huchanganyika na ya kutoka Holili, ng'ambo ya mpaka, na wauzaji huimwaga chini juu ya turubai karibu na wenye ndizi. Nilifukua mpaka magoti yakafa ganzi. Na nikaliona: kava la kwaya, karatasi yake imefifia, wanakwaya wamesimama kwa majoho, Mama mbele kabisa na shingo yake ya zamani. Nilishika CD nyingine, nikalalamika, nikapiga miayo, nikaulizia ile kana kwamba ni takataka. Muuzaji akaniachia kwa bei ya kutupa. Sikufungua mpaka nilipofika kituoni, kwa kuogopa uso wangu ungenisaliti, muuzaji akadai zaidi. Ndani mlikuwa na Lingala.

Nilitukana peke yangu pale kituoni mpaka mwenye bodaboda akaniuliza kama nimeibiwa. Nilimpelekea Mama kava hilo hivyo hivyo. Alilipangusa kwa upindo wa leso. "Hapa nilikuwa nimenenepa," alisema, kisha akaliweka kabatini karibu na Biblia. Usiku ule nilikata tamaa.

Nilipoingia tena kwenye duka la mitumba la karibu na stesheni ya zamani sikuwa natafuta kwaya. Nilikuwa natafuta kitu cha kunichangamsha, basi. Nikapiga magoti, nikavuta katoni iliyokuwa nyuma ya zingine, na mkono wangu ukatoka na kava la Lingala ambalo Mama asingevumilia kuliona hata dirishani: mwanamke amevaa nguo ya kubana, kiuno upande, anacheka. Pembeni palikuwa na tone la rangi nyekundu.

Niliketi sakafuni. Sikujua kama nilikuwa nimemkumbuka Baba kiasi hicho. Harufu ya kile kibanda, mafuta na chuma na chai ya rangi, ilinijia yote kwa pamoja. Niliwaza kwamba hata kama ni Lingala, hii naichukua, ni yake. Nikalifungua ili niione tu.

Ndani mlikuwa na CD nyeupe iliyoandikwa "Kwaya", K yake ina mkia mrefu.

Jambo la kwanza nililohisi, Mungu anisamehe, ni hasira ya mazoea. Nilidhani ni wale wale wachanganyaji wa makava. Nikamuuliza mwenye duka ni akina nani wamepekua katoni hii.

"Nani atapekua, madam? Hiyo tangu iletwe na mkokoteni ni wewe wa kwanza. Mimi hata nilisahau iko."

Nikaigeuza CD kwenye mwanga wa mlango. Ilikuwa imejaa alama za vidole, vidole vinene, vyeusi vya grisi, moja juu ya nyingine, kwa namna ya mtu aliyeitoa na kuirudisha mara nyingi bila kunawa. Na upande wa maandishi, karibu na tundu la katikati, Baba alikuwa ametia tone jekundu. Basi hakuwa Kinshasa. Miaka yote ile, na mguu ukigonga, alikuwa kanisani.

Sikuomba apunguze bei. Mwenye duka alinitazama kwa wasiwasi, akaniuliza kama ninaumwa.

Nyumbani Mama alikuwa anapepeta mchele. Nilimpa lile kava, akalisukuma kama kitu cha moto. "Hiyo sitaki humu."

"Fungua, Mama."

Alifungua. Alitambua mwandiko wa mdogo wake kwanza, akatabasamu. Kisha akaliona lile tone, tabasamu likaganda. Akaigeuza, akaviona vidole.

"Alisema ni kelele," alisema kwa ile sauti yake ya kukwaruza. "Mpaka anaenda, aliniambia ni kelele."

Niliitia kwenye mashine yangu ndogo. Mwanzoni kwaya nzima iliimba, kinanda kikiwa juu mno, kisha wote wakanyamaza na sauti ya Mama ikaingia peke yake. Ilikuwa changa, safi, imejiamini. Mama aliziba mdomo kwa mkono. Ile sauti iliimba mstari mmoja, wa pili, na katikati ya wa tatu mashine ikakwama, ikawa inarudia pale pale.

"Ngoja," nilisema, nikaitoa na kwenda kuchukua dawa ya meno na kitambaa. "Ni uchafu tu huu. Nikiupangusa utaisikia yote."

Mama alinishika mkono. Hana nguvu nyingi siku hizi, lakini alinishika kweli.

"Hivyo ni vidole vya baba yako," alisema.

"Lakini Mama, hujasikia mwisho."

"Mwisho naujua. Niliuimba mimi."

Akachukua CD kutoka mkononi mwangu, akaishika kwa kingo, akairudisha mashineni hivyo hivyo ilivyo. Ilipofika kwenye mstari wa tatu ikakwama tena, na tukakaa tukisikiliza kipande kile kile, bila yeyote kuinuka kuizima. Baadaye nilipotaka kuiweka kwenye kava lake halali, lile la wanakwaya nililoleta kutoka Taveta, alikataa.

"Irudishe alikoiweka mwenyewe," alisema.

Ndiyo maana ukija kwetu utamkuta yule mwanamke wa nguo ya kubana kabatini, ameegemea Biblia. Mchungaji alimwona juzi, akakohoa. Mama alimkaribisha chai.