Kiboko wa Jaruba la Chini

Mpunga ukianza kubeba mimba, mashamba ya kijiji chetu cha Mamba hunyamaza. Palizi imekwisha, ndege waharibifu bado hawajaja, na maji yamesimama ndani ya majaruba, vipande vya shamba vilivyozungushiwa matuta, hadi mbingu yote inashuka na kulala humo. Yangeyange hutembea juu ya mawingu. Nikikaa kwenye tuta mchana wa siku kama hizo, huwa sina hakika kama nimesinzia au natazama tu.

Msimu huu nilikaa hapo nikiwa na jembe la mke wangu magotini. Jembe hilo ndilo linalofungua na kufunga mlango wa maji, na kwa miaka mingi sikuruhusiwa kulishika mpunga ukiwa na mimba. Mke wangu alilala nalo likiwa chini ya kitanda, upande wake. Lakini safari hii alikuwa anapanda basi la Mpanda kwenda kupimwa magoti, kisha apumzike kwa binti yetu anayeishi Kasokola. Alinikabidhi jembe huku akitazama pembeni.

"Usifungue, usifunge," alisema. "Kaa tu."

"Nitakaa, mama."

"Na kiboko akija?"

Nikampa mkoba wake. Akapanda basi.

Kiboko huyo nilimzaa mimi.

Enzi za gongo nilikuwa nimemwahidi mke wangu kwamba sitaingiza tena chupa nyumbani, na ahadi hiyo niliitunza kwa heshima kubwa. Chupa niliificha shambani. Nilifunga chupa ya plastiki kwenye jiwe kwa kipande cha mpira wa baiskeli, nikaizamisha katika jaruba la chini, nikachomeka kijiti pembeni yake. Nilijiona mtu mwaminifu. Nyumba ilikuwa safi. Tena, nilijiambia, mtu anayekunywa akiwa amesimama kwenye maji ya mpunga hanywi, yuko kazini. Nilikuwa na sheria nyingi za namna hiyo. Zilikuja zenyewe taratibu, kama ukungu unavyopanda kutoka mtoni, na ndani ya ukungu huo kila kitu kilionekana laini na cha kweli.

Adhuhuri moja sikuiona chupa. Kijiti kilikuwepo, chupa haikuwepo. Nilipapasa matopeni mpaka maji yakawa kama uji. Ndipo wazo likanijia, nalo lilikuja na utulivu wa ajabu: maji ndiyo yameificha, basi maji yaondoke kidogo, nikishaipata nitayarudisha. Nilisahau kwamba zamu yetu ya kupata maji ya mfereji ilikuwa imepita. Hapana, nisidanganye. Nilikumbuka. Niliona tu kwamba mfereji utanielewa.

Nikafungua mlango. Maji yakatoka yakiimba, mbingu ikatoka nayo, likabaki tope linalong'aa. Chupa haikuwepo. Nilikuja kuikuta ndani ya koti langu, tupu. Nilikuwa nimeimaliza jana yake. Hata hapo akili yangu iliniambia kuna mtu ameninywea.

Mke wangu alipofika nilisema kiboko amevunja mlango. Huku kwetu viboko huja kweli, kwa hiyo majirani walikusanyika kutazama nyayo. Mmoja wao, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake, aliinama pale mlangoni kwa muda.

"Mzee," akasema, "huyu kiboko wenu anavaa kandambili?"

"Na moja imekatika kamba," jirani mwingine akadakia.

"Nyie chekeni tu," nikawaambia. "Akirudi ataanzia kwenu."

Walicheka mpaka wakashika matuta. Mke wangu hakucheka. Alikuwa amechuchumaa, anashika mashina ya mpunga moja moja, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Cha ajabu, nilianza kumwamini kiboko. Baada ya muda nikamchukia. Nikatafuta mkuki, nikakaa kumvizia, na kwa kuwa kumsubiri kiboko kunahitaji kitu cha kukupa moyo, ilibidi ninywe zaidi. Nikawa nakunywa ili nililinde shamba nililoliharibu kwa sababu ya kunywa, na sikuona kasoro yoyote katika hesabu hiyo.

Jua lilikuwa kali. Mpunga ulitoa mapepe, maganda matupu yasiyo na punje, yakipeperuka tulipoyapiga. Mke wangu alikwenda kuvuna mashamba ya watu ili tule. Natamani kusema hapo ndipo nilipoacha. Sikuacha. Niliacha baadaye sana, mwili ulipokataa, kwenye benchi nyuma ya kanisa ambako tuliokunywa hukutana baada ya misa na kuambiana ukweli. Huko ndiko nilikosema kwamba kiboko ni mimi. Nyumbani hapakuwa na haja ya kusema; jembe lilikuwa limeshahamia chini ya kitanda.

Sasa nilikuwa nalo tena. Siku za kwanza zilipita kama usingizi mwepesi. Kisha, mchana mmoja, nikasikia mawazo yale ya zamani, yakiwa na sauti ileile ya upole. Tazama ulivyokaa vizuri, yakasema. Anayekaa vizuri hivi amepona, na aliyepona anaweza kunywa kidogo, haina neno. Nyumba ya gongo iko hapo tu, ng'ambo ya mfereji.

Nilikuwa nimeshasimama. Nilikuwa nimeshafika mwisho wa tuta, penye mlango wa maji, nikiburuta jembe, na sikumbuki nilivyotembea. Nikashuka, nikakaa ndani ya jaruba na nguo zangu zote. Mbingu ikavunjika, halafu ikajikusanya polepole kunizunguka. Sikubishana na sauti. Niliiacha iongee kama redio ya jirani, nikitazama wadudu wakiteleza juu ya maji, mpaka kivuli cha mpunga kikanifunika.

Mke wangu aliporudi hakupitia nyumbani. Alikuja moja kwa moja shambani na vumbi la safari. Akavua viatu, akatumbukiza mguu katika jaruba la chini.

"Maji yapo," akasema.

"Yapo."

"Kiboko hakuja?"

"Alikuja," nikamwambia. "Nikakaa mlangoni mpaka akachoka."

Akanitazama kuanzia usoni hadi kwenye suruali yenye tope kavu. Akaokota viatu vyake, akatangulia nyumbani taratibu kwa ajili ya magoti. Jembe hakuliomba.