Ukuta Nilioula

"Mathe, una bahati," jirani yangu, fundi wa betri, aliniambia mbele ya wateja wake. "Nguo moja, miaka mitatu. Huyo mtoto wako haongezeki!"

Walicheka. Nilikuwa na ndoo ya maji mkononi. Nikaimwaga yote juu ya makaa aliyokuwa anawasha.

Hiyo ilikuwa mtaani Mashimoni, miaka ya tisini. Huyo bwana alipasua betri kuukuu za magari nyuma ya nyumba yangu, akayeyusha madini ya risasi yaliyo ndani kwa sufuria, takataka akamwaga hapo hapo. Mwenye nyumba naye, mtu wa akili nyingi, alipokandika ukuta wangu upya alichota udongo wa hapo. Wa bure, si uko karibu?

Wakati huo nilikuwa na mimba ya huyo mtoto. Wajawazito wa kwetu hutafuna odowa, yale mawe laini ya sokoni. Nikaona, ya nini kwenda sokoni? Mvua ikinyesha ukuta ulinukia vizuri, nikamega, nikala. Miezi yote. Form four nimemaliza, kemia nimepita, na nakula sumu kama njugu.

Mtoto alizaliwa mdogo. Dada yangu wa mtaa wa Kawangware 46 alijifungua mwezi huo huo. Wake alikuwa akikimbiza kuku, wangu bado anashikilia kitanda. Kliniki waliniuliza kama namnyima uji. Mpaka nesi mmoja mzee akauliza tunaishi karibu na nini. Nilipomwambia, aliweka kalamu chini.

"Hiyo risasi humfikia mtoto akiwa tumboni, mama. Akizaliwa anailamba kwa vumbi la vidole. Inamdumaza."

Na tumbo la pili lilikuwa limeanza kuonekana.

Kwa hiyo kesho yake, baada ya ile ndoo, nilienda ofisi ya afya kulalamika juu ya ule moshi wa betri. Karani hakuinua hata kichwa.

"Moshi? Hapa tunaandika vyoo na mizoga."

"Basi andika mzoga. Ungoje kidogo tu, utaupata."

Akanisukumia karatasi. Niliandika hivi:

"Kwa Afisa wa Afya. Nalalamika kuhusu kazi ya betri nyuma ya nyumba yangu. Naomba ihamishwe, na udongo uondolewe, kabla sijajifungua. Mtoto wangu wa kwanza amedumaa. Nimeambatanisha kadi yake ya kliniki na kipande cha ukuta. Sehemu inayokosekana niliila mimi."